Shajara ya mradi wa vijumba vinne, Mugunga, Goma

14 Agosti 2021: Tunavyoanza

Shajara hii naiandika ili mtu mwingine wa Goma, Sake au Bukavu, huku mashariki mwa Kongo, atakayetaka kufanya kazi kama hii ya kuwajengea vijumba waliopoteza makazi kwa volkano asilipie tena makosa ambayo sisi tumekwisha kuyalipia. Mimi ni mwalimu wa useremala na ujenzi katika shule ya ufundi. Kikundi chetu kina watu 14: walimu, mafundi, akina mama wa sokoni, na kijana mmoja ambaye chukudu yake (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) ndiyo gari letu la mizigo. Tunazo dola 4,150. Sehemu moja imetoka katika likelemba yetu, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu, na iliyobaki tumetumiwa na ndugu walio nje ya nchi.

Jioni ya 22 Mei mwaka huu mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipasuka, lava ikashuka hadi Buhene, pembezoni mwa mji, ikasimama karibu na uwanja wa ndege baada ya kuteketeza nyumba zaidi ya 3,000. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Siku tano baadaye mji uliamriwa kuhama, na sote tukaenda Sake, Gisenyi, Rutshuru, au Bukavu kwa mashua. Wengi tulirudi tukakuta nyumba zetu zimesimama. Familia nne tunazozifahamu hazikukuta kitu. Mbili zinalala katika darasa la kanisa ambalo litahitajika shule zikifunguliwa, moja iko chini ya turubai, na nyingine imejibanza jikoni kwa shangazi yao.

Tumezichagua familia hizo kwa sababu zote zilikuwa za wapangaji. Mwenye parseli (kiwanja) iliyofunikwa na lava angalau bado ana parseli, na wazee walioona mlipuko wa 2002 wanajua kwamba mtu anaweza kurudi siku moja akajenga juu ya jiwe lililopoa. Mpangaji hana cha kurudia. Chumba kipya kinadaiwa garanti (amana) ya miezi kadhaa kabla ya kukabidhiwa ufunguo, na mtu aliyekimbia na godoro peke yake hawezi kuipata fedha hiyo kwa mkupuo mmoja.

Wazo la vijumba nililipata katika habari za mji wa Olympia, jimbo la Washington, Marekani, ambako watu wasio na makazi walihamia mwaka 2013 katika kijiji cha vijumba 30 kiitwacho Quixote Village. Kila kijumba kina futi za mraba 144, yaani mita za mraba 13 na ushei, na jiko na bafu ni vya pamoja katika jengo moja kubwa. Kwetu Goma nyumba ya mbao si jambo geni, nusu ya mji imejengwa hivyo. Nilihesabu kwamba kwa mita za mraba 12, yaani 3 kwa 4, tungeweza kujenga vinne na fedha ikabaki.

11 Septemba 2021: Kiwanja cha kwanza kimepotea

Tulipata parseli ya mita 15 kwa 20 katika mtaa wa Ndosho kwa dola 1,600, tukatoa 400 kama malipo ya kwanza. Muuzaji alituonyesha hati ya mauzo yenye mihuri na sahihi za mashahidi. Siku ya kumi na mbili, tukiwa tunasafisha mawe, alikuja mtu mwingine na hati ya parseli hiyo hiyo, ya miaka sita iliyotangulia, naye akatueleza kwa upole kwamba sisi si wa kwanza kudanganywa pale. Baada ya vikao vitatu muuzaji alirudisha dola 150. Dola 250 zimekwenda.

Kosa ni letu, na nalieleza wazi kwa sababu nilikuwa najua sheria. Tangu sheria ya ardhi ya 1973, udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali, na kinachouzwa mitaani ni haki ya kuutumia. Karatasi inayosainiwa mtaani ni mwanzo wa safari tu, kwani kinachomlinda mtu ni cheti cha uandikishaji kinachotolewa na ofisi ya hati za ardhi. Kabla ya kutoa hata franga moja tulipaswa kwenda katika ofisi hiyo, na kabla ya hapo tulipaswa kugonga milango ya majirani wa pande zote nne. Jirani wa upande wa kaskazini alituambia baadaye kwamba habari ya parseli ile ilijulikana na kila mtu, ila hakuna aliyemuuliza.

Nilirudi kuzisoma upya habari za Olympia. Mara ya kwanza nilikuwa nimetazama picha za vijumba na vipimo vyake. Safari hii niliona kwamba wale watu walianza mwaka 2007 wakiwa katika mahema, wakahamishwa kutoka uwanja wa kanisa moja hadi jingine kwa miaka mingi, na kwamba kijiji kilipatikana pale kaunti ya Thurston ilipokubali kuwakodisha ardhi kwa dola 1 kwa mwaka. Nyumba zenyewe zilikuja mwisho kabisa. Mimi nilikuwa nimeanzia mwisho.

9 Oktoba 2021: Ardhi ya Mugunga

Mama mmoja mzee wa Mugunga, mshirika wa likelemba ya mmoja wetu, ametuazima parseli ya mita 20 kwa 25 ambayo familia yake haijaitumia tangu mumewe afariki. Hatukununua. Tumeandikiana mkataba wa miaka 12: ardhi inabaki ya mama, na vijumba ni mali ya familia zitakazokaa humo. Kwa upande wetu tumeahidi kumjengea tangi la maji ya mvua ambalo yeye na familia hizo watalitumia pamoja.

Mkataba umesainiwa na mama, na watoto wake watatu walio watu wazima, na majirani wanne, na shefu wa kartye (mkuu wa mtaa). Gharama za karatasi na usafiri zimefika dola 60. Anayetaka kuiga asiache sahihi za watoto. Mama ana miaka zaidi ya 70, na warithi wasiohusishwa leo wanaweza kuja kesho na mkataba wao wa kuuza.

Kwa kuwa ardhi ni ya kuazima, nimebadilisha mchoro. Kuta zitatengenezwa kama vipande vikubwa vinavyofungwa kwa bolti kwenye nguzo za pembeni, ili kijumba kiweze kufunguliwa na kubebwa. Nyumba za mbao zimekuwa zikihamishwa Goma tangu zamani, lakini kwa kung'oa misumari, na theluthi ya mbao hupasuka.

30 Oktoba 2021: Mazuku

Kazi imesimama kwa wiki mbili na nusu, na naomba msomaji asiiruke sehemu hii hata kama anajenga mbali na Mugunga.

Parseli ina mteremko mdogo kuelekea kona ya kusini, na kona hiyo ina shimo la asili lenye kina cha mita moja hivi, limezungukwa na mawe ya lava ya kale. Tulipanga kuweka kijumba cha nne humo kwa sababu upepo wa Ziwa Kivu haufiki. Alfajiri ya 12 Oktoba mwanafunzi wangu mmoja aliingia kuchukua kamba tuliyoiacha jana yake. Aliinama, akasimama haraka, akatoka akihema kama mtu aliyepanda mlima, akasema kichwa kinamzunguka. Pale alipoinamia, kando ya kamba, alikuwako kuku wa jirani amelala ubavu bila jeraha lolote, na pembeni yake mjusi na panzi wengi, wote wakavu.

Kila mtoto wa Mugunga na Bulengo anayajua mazuku, upepo mbaya unaoua usiku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka chini ya volkano kupitia nyufa za mawe. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mashimoni kama maji. Mchana jua na upepo huitawanya, lakini usiku na alfajiri hewa inapotulia hurudi kujaa. Haina rangi, na mtu haioni. Anayesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mtoto anayetambaa, au mtu aliyelala kwenye mkeka, atakufa.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kulipima shimo kwa mshumaa, kama wazee walivyotufundisha. Tuliushusha kwenye ndoo kwa kamba hadi ukingoni mwa shimo, ukawaka vizuri, tukaamua kwamba ukingo ni salama na ni katikati tu penye hatari. Mtaalamu wa volkano aliyekuja kwa ombi letu alitusahihisha bila kutuaibisha. Hewa yenye kaboni dioksidi asilimia 5 humfanya mtu aheme na kuumwa kichwa, na ikifika asilimia 10 humpotezea fahamu ndani ya dakika chache, lakini mshumaa unaweza kuendelea kuwaka katika hewa ambayo tayari ni hatari kwa mtu aliyelala. Mshumaa ukizimika umekueleza jambo la kweli. Ukiwaka, haujakueleza kwamba unaweza kulala hapo.

Kosa la pili tulilitenda kwa nia njema. Kabla mtaalamu hajafika tulikuwa tumejenga ukuta wa mawe na saruji kuzunguka shimo ili watoto wasiingie, kwa dola 70. Alipouona alisema kwamba tumeongeza kina cha bakuli: ukuta usiopitisha hewa huizuia ile nzito isimwagike kuelekea mteremkoni, kwa hiyo itajaa hadi juu ya ukuta. Tuliubomoa siku hiyo hiyo. Mahali pake tumesimamisha uzio wa fito zilizoachana, zinazomzuia mtoto na kuiruhusu hewa kupita, kwa dola 35. Mawe ya ukuta tumeyatumia katika misingi.

Tulipima kwa kifaa chake alfajiri tatu mfululizo, kabla ya jua, kwenye usawa wa ardhi na kwenye usawa wa goti, katika pointi 30 za parseli. Shimo na eneo la mita 4 kulizunguka ni mahali pa kuachwa. Sehemu ya juu haikuonyesha hatari alfajiri yoyote. Hata hivyo tumeamua mambo matatu kwa kila kijumba: sakafu iinuke sentimita 60 juu ya ardhi, chini yake pawe wazi kuelekea mteremkoni ili hewa nzito isituame, na kila mtu alale kitandani, hata kama ni kitanda cha fito.

Kwa hiyo nafasi ya vijumba vinne imepungua, na ramani nimeichora upya mara mbili.

4 Desemba 2021: Vijumba viwili vya kwanza

Baada ya ardhi kueleweka, ujenzi ulikwenda haraka. Tulifanya salongo (kazi ya pamoja ya kujitolea) ya Jumamosi tatu pamoja na familia zenyewe, na siku za katikati walifanya kazi mafundi wawili na wanafunzi wanne. Misingi ni nguzo fupi za mawe ya lava na saruji, juu yake mihimili, sakafu ya mbao, kuta za mikaratusi, na paa la manjanja (mabati) ya unene wa BG 32. Kijumba kimoja kilichukua siku sita za kazi.

Kimoja kimegharimu dola 579. Mbao na nguzo zilichukua 178, manjanja 14 yalichukua 112, mifuko 8 ya saruji 104, mawe na mchanga 45. Mlango, dirisha, bolti na misumari vilichukua 58, mafundi 60, na chukudu 22. Chukudu ilibeba vyote isipokuwa saruji. Familia mbili za darasani zimehamia, kila moja ikiwa na watu sita.

Jiko tumelitenga. Tumejenga kibanda cha mawe chenye paa la manjanja na pande mbili wazi, kwa dola 165, na mbabula (majiko ya mkaa) nne zinakaa humo. Hili tuliliiga Olympia na sijalijutia. Usiku wa Goma una baridi, na mtu aliye katika kijumba kidogo atashawishika kuingiza mbabula yenye mkaa ndani na kufunga mlango, jambo ambalo huua familia nzima usingizini. Kisha kuna moto: kuta ni mbao, na jirani akiungua sote tunaungua. Nafasi kati ya vijumba ni mita 3, ingawa fundi wetu mkuu alilalamika kwamba tunapoteza ardhi.

19 Februari 2022: Mbao zimenywea, na nyumba ni ndogo

Jua la Januari limetufundisha mambo mawili.

La kwanza ni la mbao. Tulinunua mikaratusi iliyopasuliwa wiki hiyo hiyo kwa sababu ilikuwa nafuu, tukaipigilia ikiwa bado na maji. Imekauka ukutani. Mbao zilizokuwa zimegusana mwezi Desemba leo zimeachana kiasi cha kupitisha kidole changu kidogo, vumbi jeusi linaingia, na usiku upepo unapiga filimbi ndani. Mbao nyingine zimepinda nzima zikawa kama ubavu wa mashua. Tumepigilia fito nyembamba juu ya kila ufa kwa nje, kwa dola 32 kwa kijumba. Kwa vijumba vijavyo tumekwisha kununua mbao na kuzipanga kivulini, kila tabaka likitenganishwa na vijiti, na hazitaguswa kwa wiki nane. Mbao za chini, zile zinazopigwa na matone ya mvua, tumezipaka oili chafu ya gari kwa upande wa nje peke yake.

La pili ni zito zaidi. Nilikwenda kumsalimu mama wa kijumba cha kwanza, mwenye watoto watano, nikamuuliza kama kuna jambo la kurekebisha.

Akasema, "Mwalimu, nyumba ni nzuri, tunamshukuru Mungu. Ingia nikuonyeshe tunavyolala."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikiteremsha kitanda cha pili kilichokuwa kimesimamishwa ukutani, akatandika mkeka mmoja juu ya sakafu, kisha wa pili, na wa pili ulipofika mlangoni ukakunjamana kwa kukosa nafasi. Akasema, "Hapa analala mkubwa. Mtu akitaka kutoka usiku, lazima kwanza mkubwa asimame." Mkubwa ana miaka 16. Baadaye nilimwona kijana huyo kwenye baraza, na nilipomuuliza juu ya usingizi alisema kwamba siku hizi analala ameketi.

Nyumba ile ina mita za mraba 12 na watu sita, yaani mita 2 kwa kila mtu. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada, vinataka angalau mita za mraba 3.5 kwa mtu, bila kuhesabu jiko. Nilivifahamu, navifundisha. Lakini nilikuwa nimebeba kipimo cha Olympia, na sikujiuliza kile kipimo kilipimwa kwa mwili wa nani. Vijumba vya kule ni vya mtu mzima mmoja mmoja. Mtu asiye na makazi ninayemfikiria mimi hapa Goma ni mama na watoto watano, pengine na mtoto wa marehemu dada yake. Nilichukua nyumba ya mtu mmoja, nikaipunguza mita moja na ushei, nikaweka watu sita humo. Nimemwomba radhi mama huyo na yule wa pili.

Tumeamua kuongeza chumba cha mita 3 kwa 3 kwenye kila kimoja, ili kila familia ipate mita za mraba 21. Kuta za bolti zimetusaidia: ukuta wa nyuma ulifunguliwa asubuhi, ukasogezwa mita 3, na jioni familia ikalala ndani. Nyongeza imegharimu dola 298 kwa kijumba. Fedha za awali hazitoshi tena, kwa hiyo likelemba imetoa mzunguko mzima wa miezi minne, dola 900, na naandika kwa heshima kwamba akina mama wa sokoni ndio waliopendekeza.

2 Aprili 2022: Choo

Goma imekaa juu ya mwamba. Mtu wa nyanda za udongo akisoma kwamba familia 4 zinahitaji choo ataona ni kazi ya siku tatu.

Tulijaribu kuchimba. Vijana wawili wenye mtaimbo na nyundo kubwa walifanya kazi siku sita, wakafika sentimita 70, wakavunja mtaimbo mmoja. Siku ya sita jiwe lilipasuka, ufa ukafunguka chini ya miguu yao, na maji tuliyomwaga ndooni yote yakapotea kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Vijana walifurahi wakisema kwamba shimo limejichimba lenyewe. Mimi niliogopa. Kinachopita katika ufa kama ule hakichujwi na udongo wowote, kinashuka moja kwa moja, na sehemu kubwa ya mji huu inakunywa maji ya ziwa lililo chini yetu, mji ambao kipindupindu hakijawahi kuuacha kwa muda mrefu. Tumeuziba ufa kwa saruji. Dola 95 zimezikwa humo.

Sasa tumejenga vyoo viwili vya kuinuka, kila kimoja kwa familia mbili, dola 310 kila kimoja. Juu ya ardhi kuna vyumba viwili vya mawe na saruji, kila kimoja cha mita za ujazo 1.2, na mtu hupanda ngazi nne. Kinatumika chumba kimoja kwa takriban mwaka mmoja, kisha kinafungwa na kupumzishwa mwaka mzima huku cha pili kikitumika. Mkojo hutengwa kwa kiti chenye njia mbili na kuelekezwa kwenye bidoni (dumu), na baada ya kila haja humwagwa majivu ya mbabula. Vikikaa vikavu havinuki.

Wiki tatu za kwanza vilinuka, tena vibaya sana. Tulifungua mlango wa nyuma tukakuta matope. Watoto wadogo hawakuweza kukaa vizuri kwenye kiti kilichopimwa kwa mtu mzima, kwa hiyo mkojo uliingia kunakotakiwa ukavu. Mama wa kijumba cha pili ndiye aliyepata dawa: alikata ubao mdogo wenye tundu lililosogezwa mbele, ukawekwa juu ya kiti cha wakubwa na kuning'inizwa msumarini usipotumika. Tukaongeza majivu makavu ndoo mbili. Baada ya siku tisa nzi walipungua hadi wachache. Ubao wake sasa uko kwenye mchoro wangu, na vipimo vyake ni sentimita 40 kwa 45, tundu likianzia sentimita 8 kutoka ukingo wa mbele.

Mtu mwenye bajeti kama yetu na aanzie na choo, kabla hajanunua ubao wa kwanza.

28 Mei 2022: Vijumba viwili vya mwisho, paa na maji

Kijumba cha tatu na cha nne vimekamilika vikiwa na mita 3.5 kwa 6 tangu mwanzo, kwa dola 846 kila kimoja. Mbao zilizokauka kivulini hazijaacha ufa hadi leo. Familia ya turubai, yenye watu watano, na ile ya jikoni kwa shangazi, yenye watu sita, zimehamia.

Hesabu imenishangaza. Vijumba vya kwanza, ukijumlisha ujenzi, fito za nyufa na nyongeza, vimefika dola 909 kila kimoja kwa ukubwa ule ule wa mita 21. Kuanza kidogo na kuongeza baadaye kumetugharimu dola 63 zaidi kwa nyumba, ingawa hivi vipya vina manjanja bora, manene zaidi, ya BG 28. Kuta, mlango na mafundi hulipiwa karibu sawa, nyumba iwe ndogo au ya wastani.

Kuhusu manjanja: mvua ya Goma hupita katika moshi wa volkano na hushuka na asidi, na paa hapa huota kutu haraka kuliko miji mingine. Kwenye vijumba vya kwanza kutu imeanza kuzunguka misumari na kwenye kingo tulizokata kwa mkasi. Safari hii kila msumari una kipande cha mpira wa tairi chini ya kichwa chake, na kila ukingo uliokatwa umepakwa lami. Kwa vile vya kwanza tumefanya hivyo hivyo kwa kupanda juu, na wanafunzi walimaliza kwa alasiri moja.

Tangi la mama mwenye ardhi limewekwa, la lita 1,000, pamoja na mifereji, kwa dola 140. Limeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba maji yake ni ya kufulia na kusafishia tu, kwa maana mvua ile hubeba pia floridi, inayoharibu meno ya watoto. Maji ya kunywa bado yanachotwa kwenye kituo chenye klorini, mwendo wa dakika 25 kwenda, na bidoni ya lita 20 kichwani wakati wa kurudi. Hilo hatujalitatua.

30 Julai 2022: Hesabu na hali ilivyo

Zimeingia dola 5,050, zimetoka 4,945, zimebaki 105. Kati ya zilizotoka, dola 1,130 zilikwenda kwa mambo ya ardhini ambayo hayakuwemo kabisa katika bajeti yangu ya Agosti mwaka jana: kiwanja kilichopotea, mkataba, mazuku na vyoo. Katika mchoro wa kwanza nilikuwa nimeweka dola 80 kwa choo.

Watu 23 wanakaa katika parseli. Kijana wa miaka 16 ana kitanda chake karibu na dirisha la nyuma, na amejiunga na karakana yetu. Familia moja imeanza kuuza sombe (majani ya muhogo) na mkaa kwenye baraza. Tumewaomba wasiweke magunia ya mkaa ukutani, wakakubali, nasi tukawajengea meza ya mawe kando ya njia. Ugomvi uliokuwapo ulihusu zamu ya kusafisha choo, na umekwisha baada ya zamu kuandikwa kwa majina ya watoto wakubwa badala ya majina ya familia.

Mambo ambayo hayajatulia ni maji ya kunywa, na sakafu ya kijumba cha pili inayotikisika upande wa kulia kwa sababu nguzo moja ya mawe iliwekwa juu ya kokoto legelege. Nguzo hiyo itajengwa upya mwezi ujao.

Vipande vya mfano vya kuta tumevihifadhi shuleni, na kikundi chochote kinaweza kuja kuvipima. Tangu mwisho wa Mei watu wanaokimbia mapigano ya Rutshuru wamekuwa wakifika Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji, na jirani mmoja wa Mugunga, aliyeona mkataba wa mama, ametuita kutuonyesha parseli yake ya mita 15 kwa 20. Ina kona ya chini upande wa magharibi. Majirani wa pande zote nne tumekwisha kuwauliza, na Jumanne tutakwenda na kifaa cha kupimia, saa kumi na moja alfajiri, kabla upepo haujaanza.